Tupeane uzoefu: umefungaje tovuti chafu kwenye simu ya mtoto?

Mama Gredi Saba, Lanet, Nakuru
Wazazi wenzangu, hamjambo? Likizo hii nilimwachia binti yangu wa miaka 12 simu yangu ya zamani ya Android, ya kazi za shule. Juzi usiku nikaikuta chini ya mto, bado ina joto. Alikuwa akitafuta maana ya neno la sayansi, tangazo likajitokeza, akaligusa, zikamfungukia picha ambazo hata mimi niliona haya kuzitazama. Alilia akidhani nitamchapa. Sikumchapa. Naomba mniambie mlichojaribu nyumbani kwenu, kikafaa au kisifae.

Baba Mapacha, Kondele
Pole sana, mama. Mimi natumia Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto. Unamfungulia mtoto akaunti yake kwa mwaka wake wa kweli wa kuzaliwa, inaungana na yako. Upande wa Chrome, kile kivinjari cha kufungulia tovuti, unachagua: tovuti zote ziruhusiwe, zile chafu zizuiwe, au zifunguke zile tu ulizokubali wewe. Wangu wana miaka 9, nimeweka hiyo ya mwisho. Wakitaka tovuti mpya, ombi linaniingilia kwenye simu. Wiki ya kwanza yalikuja mengi mno, hata nikiwa kwenye kikao cha chama. Vumilia, yatapungua.

Mwalimu, Kakamega
Baba Mapacha yuko sawa, lakini hapo ndipo nilipolala. Nilifunga Chrome nikadhani nimemaliza. Kumbe simu ilikuja na kivinjari kingine ndani, Opera Mini, na kile kichujio cha Family Link kinalinda Chrome peke yake. Mwanangu alipita huko mwezi mzima. Mama, leo hii pitia programu moja moja, na kila kivinjari kingine ukizuie ndani ya Family Link.

Mama Pendo, Bungoma
Mimi nimeongeza DNS ya faragha. DNS ndiyo huduma ambayo simu huiuliza tovuti iko wapi kabla ya kuifungua, na zipo zinazokataa kuonyesha tovuti chafu. Simu ya Android 9 kwenda juu inayo: ingia mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha, andika family.cloudflare-dns.com. Inazuia tovuti za ngono ukiwa kwa Wi-Fi au kwa bando, na kwa vivinjari karibu vyote. Andika polepole. Mimi niliruka kile kistari, intaneti ikakatika kabisa siku nzima. Opera Mini inapobana data huzipitisha kurasa kwenye seva zake (kompyuta za kampuni yake) kwanza, kwa hiyo hata DNS haizioni. Iondoe tu, kama alivyosema Mwalimu. Tena mtoto mjanja anaweza kuifuta DNS palepale ulipoiweka. Kila Jumamosi mimi huangalia kama bado ipo.

Shangazi, Milimani, Kisumu
Wenye iPhone, ni kwa Screen Time, sehemu ya vizuizi vya maudhui. Wekeni namba ya siri ambayo si ile ya kufungulia simu.

Nyanya, Mumias
Wajukuu wangu hawana simu. Huona kwa simu za binamu zao wakubwa, nyuma ya jiko. Nimewaambia wale wakubwa: simu ikiingia boma langu, inatumiwa sebuleni, mchana. Wamekubali.

Mama Gredi Saba
Asanteni mno. Jana jioni niliketi naye tukafanya yote pamoja, tukaondoa vivinjari viwili ambavyo sikujua vimo. Nimeweka ya kukubali tovuti moja moja. Ombi lake la kwanza limeniingilia saa hii nikiwa sokoni: tovuti ya kamusi. Nimekubali.