Mrejesho: Majibu ya damu ya mama mwenye mifupa dhaifu

Wakuu, niliuliza hapa kama mama yangu wa Makete, aliyevunjika mkono kwa kuteleza tu uani, anunuliwe vidonge vya kalsiamu. Majibu yametoka Mbeya mjini.

Kalsiamu ya damu iko sawa kabisa! Daktari akanielewesha: moyo na misuli vinaitegemea, hivyo mwili hauachi ishuke. Ikipungua, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayoichota kwenye mifupa. Damu inasomeka vizuri huku mfupa unaliwa.

Kilichoshuka ni vitamini D: nanogramu 14 kwa mililita, na chini ya 20 huhesabiwa upungufu. Bila hiyo utumbo haufyonzi kalsiamu vya kutosha. Na kwa baridi ile ya kwetu, sweta, kitenge na mtandio mpaka mchana, jua limwone wapi?

Kaanzishiwa vitamini D, kalsiamu, na kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki: asubuhi tumbo tupu, maji glasi nzima, asilale wala kula kwa nusu saa. Hapo ndipo tunapogombana, anataka chai yake kwanza.

Mliosema apimwe kabla ya kununuliwa chochote, asanteni sana.