Vidakuzi: tuombe ruhusa au tunasumbua watu bure?

Fundi wa Gungu: Wadau, nina duka la simu hapa Kigoma na nimetengenezewa tovuti. Kijana aliyeitengeneza anang'ang'ania kuweka lile dirisha la "Kubali vidakuzi". Vidakuzi ndiyo vile vifaili vidogo tovuti inavyoacha kwenye simu ya mgeni ili imkumbuke. Mimi naona dirisha hilo litafukuza wateja, bando lenyewe la kuungaunga. Kwani ni lazima?

Mnyamwezi Mtulivu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, imeanza Mei 2023. Ukichukua taarifa za mtu, mwambie za nini. Ila nyie wa mwisho wa reli mna siri gani, bei ya migebuka?

Binti Ujiji: Mwisho wa reli kwenu, kwetu mwanzo wa ziwa. Ujiji ilikuwa mji wakati Tabora yenu bado inaitwa Kazeh.

Mnyamwezi Mtulivu: Na mizigo ya huo mji aliibeba nani kichwani? Salimia wajomba zako.

Fundi wa Gungu: Jamani, swali langu.

Mzee wa Isevya: Jina lenyewe linajieleza, wanangu. Mdakuzi ni mtoboa siri za watu. Sasa mdakuzi anabisha hodi?

Binti Ujiji: Shikamoo mzee, ila si vyote vinadakua. Kinachokumbuka kapu lako la manunuzi, hata Ulaya hakiombewi ruhusa. Shida ni hivi vya matangazo, unaangalia kiatu leo kinakuandama wiki nzima. Januari 2022 Ufaransa ilitangaza kuipiga Google faini ya euro milioni 150, kwa sababu kukubali vidakuzi ni kubonyeza mara moja, kukataa mpaka uzunguke.

Kanyenye Boy: Ulaya, Ulaya! Laini tumesajili kwa alama za vidole, leo unalilia kiatu? Mimi programu ya mikopo imempigia MAMA MKWE. Nimechelewa siku mbili tu!

Mnyamwezi Mtulivu: Ulilipa lakini?

Kanyenye Boy: Hiyo siyo mada.

Binti Ujiji: Ulibonyeza "ruhusu" mwenyewe, wakasoma majina yote kwenye simu.

Kanyenye Boy: Dada, mwenye njaa hasomi kurasa kumi na mbili za masharti. Wewe umewahi kuzisoma?

Binti Ujiji: ...Za benki nilisoma. Nusu.

Mzee wa Isevya: Mama mkwe alisemaje?

Kanyenye Boy: Mzee, tuyaache.

Fundi wa Gungu: Tovuti yangu ina picha za kava na namba ya simu basi. Niweke, nisiweke?

Binti Ujiji: Muulize kijana kama kaweka kidakuzi cha kuhesabu wageni wa tovuti. Kama hakipo, dirisha la nini?

Fundi wa Gungu: Anasema kipo. Kumbe nahesabiwa wageni na sijui.

Kanyenye Boy: Kava la Infinix shilingi ngapi?