Nimerudia Adili na Nduguze ukubwani, sasa naogopa kugusa Kusadikika. Nishaurini

Kibatari:
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwenu mnaopenda hadithi za majini, wachawi na nchi zisizo kwenye ramani.

Tuko wanne, tunakutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuzungumzia vitabu. Safari hii kila mtu anarudia mwandishi aliyempenda utotoni, kisha tunawapambanisha. Mwenzangu amemchukua Ursula Le Guin, Mmarekani, na vitabu vyake vya Earthsea, nchi ya kubuni ya visiwa na wachawi. Mimi bila kusita nikamtaja Shaaban Robert.

Adili na Nduguze nilikisoma darasa la sita, kwa bibi, taa ikifuka moshi. Wale manyani wawili waliochapwa kila usiku walininyima usingizi. Sasa nimekirudia, na kurasa za mwanzo zimenichosha. Adili ni mwadilifu, Hasidi ni hasidi, Mwivu ana wivu. Mtu hajafungua mdomo, jina limeshamaliza kila kitu. Mwenzangu anasema hayo ni mawaidha, si hadithi. Nimeumia kwa sababu sikuwa na la kumjibu.

Kusadikika, kitabu chake kingine, kiko mezani. Nikisome, au nibaki na kumbukumbu yangu? Na mnalinganishaje waandishi wawili ambao kila mmoja alikuwa na safari yake?

Mama Salha:
Pole mwanangu. Rudi pale Ikibali, mjumbe wa mfalme, anapochungulia usiku. Utotoni sote tuliwatazama manyani. Sasa mtazame Adili mwenye mjeledi. Anachapa huku analia, kwa sababu jini Huria, aliyewageuza manyani, ameamuru, na wale ni nduguze Hasidi na Mwivu waliomtosa baharini. Mimi nilikirudia baada ya kugombana na dada yangu kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba. Ukurasa ule nilishindwa kuumaliza.

Msafiri wa Roke:
Mimi ni wa Le Guin damudamu, lakini mwenzako kamwonea Shaaban. Na jibu lako liko kwenye hayohayo majina unayoyalalamikia.

Kule Earthsea, kitabu cha kwanza cha mwaka 1968, jina la kweli la mtu ni siri. Ged, mchawi kijana, watu wanamwita kwa jina la mwewe. Lile lenyewe wanalijua wachache anaowaamini, kwa sababu anayelijua jina lako ana nguvu juu yako. Hilo kwetu si geni: mtu akienda kupigiwa ramli anaulizwa jina lake na la mama yake kabla ya jambo lolote. Ged anakimbizwa na kivuli alichokifungulia mwenyewe kwa majivuno, na mwisho anaungana nacho kwa kukiita kwa jina lake mwenyewe. Shaaban amefanya kinyume: jina ameliweka hadharani tangu mwanzo, halafu anauliza kama mtu anaweza kulitoroka. Hasidi atabaki hasidi? Walinganishe hapo, utaona moto.

Na kuhusu woga wa kurudia, Le Guin mwenyewe alirudi. Kitabu cha tatu kilitoka mwaka 1972, kisha mwaka 1990 akaandika Tehanu. Tenar, yule msichana wa kitabu cha pili, sasa ni mjane, Ged amepoteza uchawi wote, na kazi za nyumbani ambazo vitabu vya nyuma vilizipita ndizo zimeshika hadithi. Wapo mashabiki waliokasirika. Mimi nakipenda kuliko vyote.

Karani Mstaafu:
Naongeza kidogo. Kisa cha Adili kina ndugu yake katika Alfu Lela Ulela, habari za Abdallah bin Fadhil. Kule ndugu wanageuzwa mbwa, na wakirudishiwa ubinadamu wanamgeukia tena mwenzao. Kwa Shaaban ni manyani, na wakisamehewa wanatubu kweli. Huo mwisho ameuchagua kwa makusudi. Mwambie huyo anayesema mawaidha ajibu: mwisho upi ni mgumu kuuandika ukaaminika?

Nyota ya Ukerewe:
Kusadikika kinachosha kweli, tusidanganyane. Hotuba za Karama, mshtakiwa anayejitetea barazani, ni ndefu. Ila kina wajumbe sita anaowasimulia, waliotumwa pande nne za dunia, mbinguni na ardhini. Soma mmoja kila usiku, usikimbie. Kilitoka mwaka 1951, mkoloni bado yupo, na mwandishi ni karani wa serikali hiyohiyo; kila mjumbe anarudi na neno la faida, anaadhibiwa. Halafu ongezeni Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990. Ni kitabu chembamba lakini kitawashinda nguvu wote wanne.

Kibatari:
Asanteni sana, Mama Salha hasa. Jana nilimsomea mtoto wa dada, ana miaka tisa, ile sehemu ya mjeledi. Akanyamaza, kisha akauliza, "Anko, mkono wake hauumi?" Jumamosi nitaanzia hapo, na la majina nitalifuatishia.

Usiku huu naanza na mjumbe wa kwanza. Mwenye Nagona ya kuazima, niko Dar, naomba aniambie.