PhD ya polima yenye ufadhili kamili, mnapata wapi?

mkonge_tanga
Wakuu habari za saa hizi. Nina masta ya kemia, tesisi yangu nilichanganya nyuzi za mkonge na plastiki ya polipropilini nikapima inavutika mpaka wapi ndo ikatike na inanyonya maji kiasi gani. Nataka PhD ya polima, yaani plastiki na vitu vya jamii yake, ila hela ya kujilipia sina, nikitafuta skolashipu naona zile za jumla tu ambazo mnagombania na kila mtu hadi daktari wa mifugo. Halafu kuna jamaa kanipigia anasema ana nafasi Ulaya nitoe laki tatu ya fomu.

Kibaha Kwetu
Laki tatu ya fomu?? Blok hiyo namba fasta.

mtu_wa_maabara
Mkuu unatafuta siko. Ujerumani na Uholanzi PhD nyingi ni ajira kabisa, una mkataba, unalipwa mshahara na kodi unakatwa, kwahiyo ukigugo skolashipu nyingi huzioni, zipo kwenye matangazo ya kazi. Vyuo vya Ujerumani wanaandika TV-L E13, hiyo ni ngazi ya mshahara wa serikali za majimbo, halafu asilimia, sasa ile asilimia ndo sehemu ya mshahara utakayolipwa, sio ya muda wa kazi, maana maabara utashinda siku nzima hata kama mkataba umeandikwa nusu, usije shangaa. Pitia taasisi za utafiti, Max Planck ya polima pale Mainz na Leibniz ya polima Dresden, Uholanzi cheki vyuo vya Eindhoven na Groningen. Kuna na za Marie Skłodowska-Curie, hela ya Umoja wa Ulaya, zinatangazwa EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya ajira za watafiti. Hizo sharti lake usiwe umekaa nchi unayoenda kufanyia hiyo PhD zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka 3 kabla ya kuajiriwa, wewe uliyekuwa Tanga muda wote huna shida, wanaokwama ni waliosoma masta hukohuko.

mkonge_tanga
Asante sana mkuu. Ila maprofesa nimewaandikia emeli kibao, kimya.

mtu_wa_maabara
Uliandika "nipo tayari kufanya utafiti wowote" eeh? Hiyo hawasomi. Sema nyuzi ulizitibu kwa kostiki soda au na nini, kwasababu selulosi iliyomo kwenye nyuzi inapenda maji na polipropilini haiyataki kwahiyo havishikani, na wewe ulifanyaje vishikane. Halafu taja mashine. Ukiandika DSC, ile mashine ya kupasha sampuli na kupima joto inalonyonya au kutoa, watakuuliza kwenye intavyuu ulikuwa unapasha nyuzijoto ngapi kwa dakika, ukianza kuuma maneno wameshajua sampuli ulipeleka tu ukaletewa grafu.

Dada Polima
Mi niko Marekani, huku vyuo vya Akron na UMass Amherst polima ni idara kamili. Ukipata nafasi ada wanakulipia na posho unapewa, kazi yako ni kusaidia kufundisha au utafiti wa profesa, dedilaini nyingi ni Desemba. Huku ada ya maombi ni ya kweli ila unalipa kwenye mfumo wa chuo chenyewe, na unaweza kuomba wakusamehe, andika tu ofisi ya udahili usione aibu.

Kibaha Kwetu
Karibu karibu kuna chuo cha Nelson Mandela Arusha, na Stellenbosch ya Afrika Kusini pia. Na Mlimani kemia wamefanyia kazi sana mafuta ya maganda ya korosho, yanatoa resini safi tu, ile malighafi ya gundi na plastiki, usidharau vya nyumbani.

mkonge_tanga
Dah DSC kweli nilipeleka sampuli tu. Mashine ya kuvuta ndo nimeiendesha mwenyewe mwanzo mwisho.

mtu_wa_maabara
Basi hiyo ya kuvuta weka mstari wa kwanza. Tuma rasimu PM niicheki kabla hujatuma.