Naombeni ushauri: Pi mbili za mabanda ya vifaranga zinakatika kwenye MQTT usiku kucha

MfugajiKibaha:
Wakuu, habari za jioni. Nafuga vifaranga wa kienyeji hapa Kibaha. Bandani kuna Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye kipima joto cha DS18B20, na skripti ya Python inayotumia paho-mqtt (maktaba ya MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi) kutuma joto kila dakika 10 kwenda kwenye broka ya Mosquitto (programu inayopokea na kusambaza ujumbe) iliyoko kwenye seva ninayokodi. Nikiwa kazini Dar naangalia kwenye simu. Miezi 4 sikuwa na shida yoyote.

Wiki iliyopita niliongeza banda la pili. Nilinakili memori kadi ya Pi ya kwanza, nikabadilisha mada (anwani ya ujumbe) tu, kutoka banda/1/joto kuwa banda/2/joto. Tangu hapo zote mbili zinaunganishwa na kukatika, zinaunganishwa na kukatika, mpaka asubuhi. Juzi saa 6 usiku nilitazama simu, nyuzi 33, nikalala. Kumbe kipimo kile kilikuwa cha dakika 40 nyuma, na taa ya joto ilikuwa imeshaungua. Asubuhi nimeokota vifaranga 19 wamekufa, wamerundikana kwenye kona. Imeniuma sana.

Nimebadilisha laini ya simu, hali ni ileile. Nikasasisha paho-mqtt, skripti ikagoma kabisa kuanza: "Unsupported callback API version". Nimerudi toleo la 1.6.1. Na nikituma amri ya kuwasha taa ya akiba, Pi haisikii.

```
client = mqtt.Client("banda")
client.connect(SEVA, 1883, 60)
client.subscribe("banda/amri")
client.loop_start()
```

Kipanga77:
Pole sana mkuu. Mimi naona ni mtandao wa huko. Punguza hiyo 60 (sekunde za keepalive, yaani muda wa kukaa kimya) iwe 10, isipate nafasi ya kulala.

mamaSeva:
Pole kaka kwa vifaranga. Kipanga, hapana, mtandao hauhusiki. MQTT ilitungwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, kwa hiyo mtandao dhaifu imeuzoea.

Tazama mstari wako wa kwanza. Uliponakili kadi, ulinakili na client_id, yaani jina la mteja. Pi zote mbili zinajiita "banda". Kanuni ya MQTT ni kwamba akija mteja mwenye jina lililokwisha kuunganishwa, broka inamtoa wa zamani. Aliyetolewa anarudi, naye anamtoa mwenzake. Fungua logi ya Mosquitto, utakuta "already connected, closing old connection" imejaa. Ipe kila Pi jina lake.

Na subscribe iweke ndani ya on_connect, fanksheni inayoitwa kila ukiunganishwa. Hapo ulipoiweka inaitwa mara moja tu. Ukikatika na kurudi, broka haikumbuki tena kwamba uliomba banda/amri, ndiyo maana taa ya akiba haikuwaka.

Fundi_Waya:
Naongezea kuhusu toleo. Paho 2.0 ilitoka Februari 2024, na sasa lazima useme unatumia mtindo upi wa callback (fanksheni kama on_connect ambazo paho inaziita yenyewe):

```
client = mqtt.Client(mqtt.CallbackAPIVersion.VERSION2, client_id="banda-2")
```

on_connect nayo inapokea vitu 5: client, userdata, flags, reason_code, properties. Ukisahau hicho cha mwisho itakurushia kosa. VERSION1 bado inakubali fanksheni za zamani, ila inaelekea kuondolewa, usijenge juu yake.

Kabla ya connect, weka will_set (ujumbe wa wosia) kwenye mada ya banda/2/hali yenye neno "haipo", retain=True (broka iuhifadhi), na ukiunganishwa tuma "ipo". Pi ikipotea, broka yenyewe ndiyo itakayokwambia. Na kila kipimo kiende na saa yake. Ile 33 ilikudanganya kwa sababu haikuwa na saa.

mamaSeva:
Fundi kasema vizuri. Mimi lakini ningeanza na jambo lingine kabisa: uhai wa kifaranga usiutegemeze intaneti. Pi ina kipima joto na relei (swichi inayoongozwa na Pi) ya taa hapohapo bandani. Joto likishuka iwashe taa ya akiba yenyewe, halafu ndiyo ikuarifu. Na bandari (port) ya 1883 inapitisha kila kitu wazi. Weka nywila, kisha uhamie 8883 kwa tls_set(), inayosimba mawasiliano.

MfugajiKibaha:
Dada mamaSeva, Fundi, nashukuru mno. Logi ilikuwa imejaa mstari huohuo kweli. Sasa ni banda-1 na banda-2 kwenye toleo la 2, tangu saa 4 asubuhi hakuna hata moja iliyokatika. Nimechomoa modemu ya banda la pili makusudi, baada ya kama dakika moja na nusu simu ikaandika "haipo".

Usiku huu naandika sehemu ya kuwasha taa bila kusubiri amri. Vifaranga wana siku 9, nimeweka kiwango cha nyuzi 30. Wafugaji mliomo humu, ni sawa au nipandishe?

Kipanga77:
Kwa siku 9 ni sawa mkuu, ila kipima joto kishushe usawa wa migongo yao. Kikining'inia juu karibu na taa kitakudanganya.