Mnazi wangu Dodoma, ncha zinakauka kila Juni

Wadau, niko Miyuji. Mche wa mnazi niliutoa Tanga mwaka juzi, nikaupanda karibu na karo la kufulia. Masika unanawiri, ikifika Juni majani yanakuwa ya njano, ncha zinakauka. Nimekulia chini ya minazi, naupenda mno. Nifanyeje?

— Ndugu, hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, na upepo mkavu unaunyonya. Kinga upande wa mashariki kwa mabua ya mtama, weka matandazo. Maji ya sabuni yaelekeze kwingine.

— Mimi Ipagala nina mitende, jua hili inalipenda. Chukua chipukizi la mti jike. Ukipanda kokwa hujui utapata dume au jike.

— Asanteni. Mabua nayafunga Jumamosi. Mnazi siung'oi.