Waziri wa zamani kwenye konsei ya kampuni: anasaidia nini?

Mtoto wa Kamalondo:
Jambo kwenu. Sisi ni ndugu watatu, tuna malori sita, njia yetu Likasi mpaka Kasumbalesa. Tunageuza SARL yetu (kampuni ndogo ya watu wachache) kuwa SA (kampuni ya hisa). Mjomba anataka tumwingize waziri mmoja wa zamani kwenye konsei, yaani baraza linalosimamia kampuni. Hana hisa hata moja na anaomba dola 500 kila kikao. Eti benki wakisoma jina lake tu, mkopo umetoka. Tumpe?

Yaya wa Bel-Air:
Mpeni! Hapa Lubumbashi bila mkubwa faili yako italala mezani hadi iote ukungu.

Mama Ripoti:
Mdogo wangu, mimi nimeandika ripoti za vikao miaka tisa, kampuni siitaji. Tulikuwa na jenerali mstaafu. Kikao saa nne, yeye saa sita, wote tunasimama. Namwekea bahasha mbili: ya jeto (posho ya kikao) anaifungua palepale chini ya meza, ya hesabu za mwaka anaiacha na gundi yake. Mwaka mmoja nilimrudishia ileile ya mwaka uliopita. Hakujua. (Mungu anisamehe.) Mafuta ya magari yalipoanza kupotea, nani angemuuliza mkurugenzi maswali, na Jenerali amekaa pale anamwita "mwanangu"?

Na si sisi tu. Kule London, mfanyabiashara Whitaker Wright alimweka Lord Dufferin, aliyewahi kuwa gavana mkuu wa India, awe mwenyekiti wa kampuni yake, London and Globe. Watu wakanunua hisa kwa kuliamini jina. Desemba 1900 kampuni ikaanguka. Theranos, kampuni ya vipimo vya damu ya Marekani, nayo ilikuwa na Kissinger na Shultz kwenye konsei, wote waliwahi kuwa mawaziri wa mambo ya nje. Mmoja wa waliofichua kwamba vipimo vya damu vina kasoro ni mjukuu wa huyo Shultz, mfanyakazi kijana tu.

Sheria ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara), ambao Kongo iliingia 2012, inakubali wasio na hisa, mradi wasizidi theluthi ya konsei. Lakini uongozi ukikosea, waziri wenu naye anaweza kushtakiwa alipe. Mwambieni hilo kabla ya kuzungumza dola.

Mtoto wa Kamalondo:
Aksanti Mama. Leo nimempelekea hesabu zetu nyumbani. Bahasha nimeifunga kwa gundi mwenyewe. Jumapili naenda kuichukua.